Hatusomi noti: nyimbo za Thelonious Monk tutazipataje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana wanne wa hapa Tanga, tunapiga muziki jioni baada ya kazi. Mmoja anapiga kinanda na alianzia kanisani, mwingine gitaa, mwingine besi, na wa nne tarumbeta aliyojifunza kwenye brasi bendi ya shule. Hakuna anayesoma noti. Siku hizi tumemganda Thelonious Monk, yule mpiga piano wa jazi wa Marekani. Tunamsikia kama mtu anayekosea makusudi, halafu anatokea mahali sahihi kuliko wote. Tumejaribu kuzidaka nyimbo zake lakini kila mara tunapotea katikati. Rafiki yetu aliyesomea muziki chuoni anasema bila karatasi tunapoteza muda. Ni kweli? Na kama si kweli, tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba wanangu. Swali lenu limenifurahisha sana, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Si kweli kwamba mnapoteza muda. Shahidi wangu ni John Coltrane, mpiga saksafoni aliyekaa na Monk mwaka 1957, na ambaye kusoma noti alikuwa anajua vizuri kabisa. Mwaka 1958 alieleza kwenye mahojiano jinsi alivyokuwa akijifunza. Alikuwa anakwenda nyumbani kwa Monk, anamwamsha. Monk anaketi kwenye piano, anaanza kupiga, labda wimbo wake mmojawapo. Coltrane anatoa saksafoni na kuanza kutafuta kile anachokisikia. Monk anarudia, anarudia tena, na penye ugumu anasimama amwonyeshe. Wakikwama kabisa ndipo Monk anatoa mkoba wenye nyimbo zake zilizoandikwa. Coltrane alisema Monk alipenda zaidi mtu ajifunze bila kusoma, kwa sababu hivyo wimbo unamwingia haraka na anauhisi vizuri zaidi.

Hapo pana mambo mawili na yote mawili yanawahusu. Karatasi zilikuwepo: Monk aliandika nyimbo zake, kama 70 hivi, na aliziandika kwa uangalifu mkubwa. Lakini zilitoka mkobani mwisho, baada ya sikio kuchoka kutafuta. Ufuateni mpangilio huo huo.

Na kuhusu kupotea, msione haya. Mahali pengine Coltrane alisema kuwa ukipiga na Monk halafu ukazubaa kidogo, unajikuta kama umekanyaga kwenye tundu la lifti ambamo lifti haimo. Mwaka mmoja kabla Coltrane hajakaa naye, mwezi Oktoba 1956, Monk aliingia studio kurekodi "Brilliant Corners" akiwa na Sonny Rollins kwenye saksafoni na Max Roach kwenye drams, watu ambao nchini Marekani hakukuwa na wa kuwazidi. Walijaribu mara 25 bila kuumaliza wimbo salama hata mara moja. Orrin Keepnews, aliyesimamia rekodi hiyo, alilazimika kukata na kuunganisha vipande vya mikanda. Toleo linalosikika leo duniani kote ni la kuungaunga. Wimbo wenyewe una mzunguko wa vipimo 22 (kipimo ni kundi moja la mapigo), hesabu ambayo haikai mahali popote ambapo mwili umeuzoea. Huo msiuguse mwaka huu.

Sasa, kwa nini mnapotea? Kwa maelezo yenu nahisi mnaanza na kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja. Mpiga kinanda na mpiga gitaa wanakaa wanatafuta "hii ni kodi gani?", na wanaobaki wanangoja jibu. Kwa nyimbo nyingi za kanisani na za dansi njia hiyo inafanya kazi, maana kodi zikishapatikana melodi inajilaza juu yake. Kwa Monk mlango uko upande wa pili. Kinachoshikilia wimbo wake ni melodi na mahali inapoangukia kwenye mapigo. Kodi zinakuja kuitetea melodi. Mkishaijua melodi hadi mnaweza kuiimba mkiwa mnaosha vyombo, kodi zake za ajabu zinaanza kuonekana zina akili.

Kwa hiyo wiki za kwanza vyombo viwekeni chini. Sikilizeni, mguu ukigonga mapigo manne, na muimbe. Steve Lacy, mpiga soprano saksafoni aliyekaa katika kundi la Monk kwa muda mwaka 1960, aliandika kwenye daftari maneno aliyokuwa akiambiwa. La kwanza lilikuwa kwamba hata kama wewe si mpiga drams, kutunza mapigo ni kazi yako pia. Jingine lilikuwa kwamba unapopiga, gonga mguu na uimbe melodi kichwani. Ninyi hamna mpiga drams. Shauri hilo ni kama limeandikiwa Tanga.

Anzeni na "Blue Monk". Chukueni rekodi ya Septemba 1954, Monk akiwa na Percy Heath kwenye besi na Art Blakey kwenye drams, kwa sababu vyombo ni vitatu tu na kila mmoja anasikika peke yake. Ni blues ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, katika ufunguo wa Bb (B iliyoshushwa nusu toni). Mpiga kinanda wenu, kama alipita kwenye kwaya, bila shaka anajua solfa. Basi mwimbie hivi: mi, fa, fe, so. Noti nne zinazopanda nusu toni kwa nusu toni, bila kuruka kitufe hata kimoja. Kodi inapohamia ya nne, umbo lile lile linapanda ngazi: la, ta, ti, do. Mmeshapata vipimo viwili vya kwanza vya wimbo unaopigwa na kila mtu wa jazi duniani, na hakuna aliyesoma kitu.

Lakini msikimbilie mbele. Sikilizeni noti ya nne inakaa kwa muda gani, na kimya kinachofuata ni kirefu kiasi gani. Wanafunzi wangu wengi huzipata noti zote za "Blue Monk" jioni moja na kukosa vimya vyote. Matokeo yake ni wimbo unaofanana na zoezi la vidole. Imbeni pamoja na rekodi, kisha mmoja apunguze sauti ya simu kabisa kwa mzunguko mzima wa vipimo 12 ninyi mkiendelea kuimba, halafu aipandishe. Mkikuta Monk na ninyi mko mahali pamoja, mmeushika. Mkikuta mmemtangulia, na mara nyingi mtakuwa mmemtangulia, mjue mmekula vimya vyake.

Ndugu yenu wa tarumbeta atafurahi hapa. Tarumbeta ya kawaida inasoma toni moja juu, yaani Bb ya kinanda kwake ni C, kwa hiyo wimbo huu unamkalia mkononi kama mboga. Yeye ndiye aongoze.

Wimbo wa pili uwe "Straight, No Chaser", blues nyingine ya vipimo 12. Huu ndio utakaowafundisha Monk ni nani. Melodi nzima ni kipande kimoja kifupi kinachorudiwarudiwa. Hakuna kingine. Ila kila kinaporudi kimeongezwa mkia au kimekatwa, na kimeangukia pigo jingine: hapa kabla ya pigo la kwanza, pale katikati ya la pili, kwingine kimechelewa. Sikio linakitambua lakini mguu unashtuka. Ule msisimko mnaousema, wa mtu anayekosea halafu akatokea sahihi, kwa sehemu kubwa unatoka hapa. Noti zenyewe hazina ugeni wowote. Karatasi ingewaonyesha mistari na nukta, na mngeanza kuhesabu, moja na mbili na. Kwa kuimba na kugonga mguu mtaupata kama mlivyopata nyimbo za ngoma mkiwa wadogo, ambapo wimbo unaingia mahali ambapo mguu haupo na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwa nini.

Baada ya melodi nendeni kwenye besi, siyo kodi za kinanda. Mpiga besi asikilize noti ya chini kabisa mwanzoni mwa kila kipimo aiimbe. Simu nyingi hazitoi besi, kwa hiyo tumieni spika za masikioni, hata zile za bei ndogo. Programu za kuchezea video zina sehemu ya kupunguza kasi bila kushusha sauti. Wekeni robo tatu ya kasi, ikibidi nusu, ila mkishapata mrudi kasi ya kawaida siku ile ile, kwa sababu Monk aliyepunguzwa mwendo anapoteza mvuto wake na mtaanza kumwona mzito bure.

Ndipo mje kwenye vidole vya Monk. Mpiga kinanda, hii ni yako. Mkono wako wa kushoto kanisani umezoea kujaza kodi nzima, noti tatu au nne. Wa Monk mara nyingi unashika mbili: noti ya msingi na ya saba yake. Kwenye Bb hiyo ni Bb na Ab, do na ta, basi. Katikati anaacha uwazi. Kisha mkono wa kulia unatia noti moja inayokwaruza, mara nyingi vitufe viwili vinavyopakana vikigongwa pamoja, na pengine kimoja kinaachiwa kabla ya kingine. Jaribu: gonga A na Bb pamoja kwa nguvu, inua kidole cha A, acha Bb ilie. Utasikia kama noti imepindwa, jambo ambalo piano haina uwezo wa kulifanya, ila sikio linadanganyika. Mpiga gitaa ataidai kuwa yake, na ana haki, kwa sababu yeye anaweza kuupinda waya kweli.

Ile ngazi anayoiporomosha kutoka juu hadi chini kama amemwaga kitu, nayo si siri. Ni noti sita zilizoachana toni nzima nzima: Bb, Ab, Gb, E, D, C, na kurudi Bb. Haina nusu toni hata moja, ndiyo maana inasikika kama haina nyumbani. Ipige polepole mara chache utaikamata kwenye rekodi zake kila inapopita.

Kuna kitufe kwenye kinanda chako cha kuhamisha ufunguo. Najua wapigaji wengi wa makanisani wanajua ufunguo mmoja au miwili, kisha wanabonyeza hicho kitufe mwimbaji anapopanda. Sikulaumu, ibada lazima iendelee. Lakini kwa nyimbo hizi kizime kabisa. Monk alitafuta sauti zake kwa kuangalia vidole vinafikia wapi, vitufe vyeusi viko wapi, nini kinapakana na nini. Ukipiga "Blue Monk" kwa vidole vya C huku mashine inatoa Bb, masikio ya wenzako yatasikia wimbo na mikono yako haitajifunza lolote la Monk.

Turudi kwa rafiki yenu. Anaposema karatasi, karatasi ipi? Chukueni "Well, You Needn't". Mwaka 1954 Miles Davis aliurekodi akabadilisha sehemu ya kati, na toleo lake ndilo lililoingia kwenye vitabu vingi vya nyimbo za jazi ambavyo wanafunzi wananunua na kunakili mpaka leo. Sehemu ya kati ya Monk inaanza kwenye Db na kupanda nusu toni kwa nusu toni; ya Miles inaanza kwenye G. Mtu aliyejifunza kwa kitabu tu anaweza kuupiga miaka kumi akidhani anampiga Monk. Kijana anayesikiliza rekodi ya Monk ya mwaka 1947 kwa simu yenye kioo kilichopasuka anajua ukweli kwa dakika tatu. Hata "'Round Midnight", wimbo wake maarufu kuliko yote, kwa kawaida unapigwa ukiwa na utangulizi ambao asili yake ni Dizzy Gillespie. Ni utangulizi mzuri sana, lakini mjue ni wa nani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: mkitaka wimbo wa Monk, sikilizeni Monk mwenyewe, na ikiwezekana rekodi mbili za wimbo huo huo zilizopishana miaka. Zinapokubaliana, hapo ndipo wimbo ulipo. Zinapotofautiana, hapo alikuwa anacheza.

Hata hivyo rafiki yenu msimtupe. Kuna mahali atawasaidia kuliko mimi. "Crepuscule with Nellie", aliomtungia mkewe mwaka 1957, hauna nafasi ya solo kabisa. Monk aliupiga kama ulivyotungwa, noti kwa noti, na sauti za ndani zimefumwa kiasi kwamba sikio la mtu anayeanza linazichanganya. Hapo tafuteni nilichowaambia cha Coltrane, yaani fikieni mwisho wa sikio lenu, kisha mwiteni aje na karatasi awaonyeshe pale mlipokwama. Mtaisoma kwa njaa, na mtu anayesoma noti akiwa tayari ana swali kichwani hujifunza kusoma upesi ajabu. Ningependa sana mjifunze. Mwaka 1959 Monk alipofanya onyesho la Town Hall jijini New York akiwa na watu kumi jukwaani, Hall Overton, mwalimu wa muziki kutoka shule ya Juilliard, aliichukua solo ya piano ambayo Monk alikuwa ameirekodi mwaka 1952 kwenye "Little Rootie Tootie" na kuigawa kwa vyombo vyote ili bendi nzima iipige. Bila sikio asingeipata kutoka kwenye santuri, na bila kalamu wapigaji wale wasingeipiga pamoja.

Nataka pia kugusa hilo la "kukosea makusudi", kwa sababu wapenzi wengi wa Monk wanaharibikiwa hapo. Wanaona kofia zake, wanaona jinsi anavyoinuka kwenye piano na kucheza taratibu jukwaani wakati mwenzake anapiga solo, wanasikia noti zinazokwaruza, wanaamua kwamba siri ni kuwa wa ajabu. Basi wanagonga vitufe hovyo na kuita Monk. Steve Lacy aliandika kwamba Monk alimwambia aache kupiga noti za ajabu ajabu, apige melodi. Na aliyesema hivyo ni mtu ambaye dunia nzima ilimwita wa ajabu.

Monk alizaliwa mwaka 1917 Rocky Mount, North Carolina, akakulia New York tangu utoto. Alifundishwa piano kwa noti akiwa mdogo. Alipiga kanisani. Akiwa kijana wa miaka 17 hivi aliacha shule akazunguka na mhubiri wa injili, akipiga kinanda kwenye mikutano. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa mpiga piano wa kudumu wa Minton's Playhouse, Harlem. Alipoanza kurekodi kwa jina lake mwaka 1947 alikuwa ametimiza miaka 30, na mikono yake ilikuwa imepitia tenzi, blues na piano ya kizamani ya mtaani kwao. Wakosoaji walisema hajui kupiga. Mwaka 1951 akapoteza kibali cha kupiga kwenye klabu za New York zinazouza pombe, akakaa bila kibali hadi 1957. Katika miaka hiyo yote hakulainisha kitu ili apendwe. Kila noti anayokwaruza anaijua jirani yake laini, na ameikataa. Ninyi nanyi, kabla ya kukwaruza, itafuteni kwanza ile laini.

Kuinuka kwake kwenye piano kuna somo la muziki pia. Akinyamaza, mpiga solo anabaki na besi na drams tu, uwanja mpana. Mpiga kinanda wenu akae kimya mizunguko miwili mizima wakati tarumbeta inapiga solo. Najua itamuuma, kinanda cha kanisani hakinyamazi tangu wimbo wa kuingia hadi baraka. Mwambieni agonge mguu.

Kwa kusikiliza, baada ya rekodi ya 1954, tafuteni ya Carnegie Hall ya tarehe 29 Novemba 1957. Mkanda wake ulikaa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani bila mtu kuujali hadi ulipogunduliwa mwaka 2005. Ni Monk na Coltrane baada ya miezi kadhaa ya kupiga pamoja klabuni Five Spot, na mtasikia zile asubuhi za kuamshana zilizaa nini. Mpiga besi pale ni Ahmed Abdul-Malik, ambaye mwaka uliofuata alirekodi jazi yenye udi na kanuni, zile ala za nyuzi za Kiarabu. Ninyi mliokulia Tanga na taarabu masikioni msimpite huyo.

Na msidhani njia hii ni ya kigeni kwenu. Tangu miaka ya 1930 santuri za GV (mfululizo wa santuri za kampuni ya HMV) zilipoleta muziki wa Cuba huku kwetu, wapiga dansi waliketi mbele ya gramafoni wakadaka nyimbo kwa sikio, wakati hata lugha ya nyimbo hizo hawaijui. Walirudisha sindano nyuma mpaka santuri ikalika.

Ratiba yenu basi: mwezi huu "Blue Monk" peke yake. Wiki mbili za kuimba, moja ya melodi kwenye vyombo vyote vinne kwa pamoja bila kodi yoyote, ya mwisho mweke besi na ile mikono ya noti mbili. Rekodini kwa simu mkiwa mmesimama pamoja, kisha pigeni rekodi yenu na ya 1954 moja baada ya nyingine. Msisikilize nani kakosea noti. Sikilizeni vimya vina urefu sawa? Kama ndiyo, nitumieni hiyo rekodi, na mniandikie mkianza "Straight, No Chaser". Mkishafika "Misterioso", ambayo melodi yake inatembea kwa kurukaruka noti za sita bila kupumzika hata pigo moja, tutakuwa na mengi ya kuzungumza kuhusu vidole vya mpiga gitaa.